Maradhi ya misuli na mapigo ya moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma na Tabora

Majibu haya ni ya mtu aliyeambiwa ana maiositisi, ya ndugu anayemuuguza, na ya mhudumu wa zahanati au kituo cha afya anayempokea kwanza. Maswali yamepewa namba. Jambo likiwa limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye namba yake. Dozi zinazotajwa humu ni za kukusaidia kuuliza vizuri. Dozi yako ni ile iliyoandikwa kwenye kadi yako.

## Mambo ya msingi

1. Maiositisi ni ugonjwa gani hasa?

Ni kundi la maradhi ambamo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inageukia misuli ya mwili wenyewe na kuijeruhi. Misuli inayotangulia kuishiwa nguvu ni ile iliyo karibu na kiwiliwili: mapaja, nyonga, mabega na shingo. Mgonjwa anashindwa kuinuka kwenye kigoda, kutoka chooni alikochuchumaa, kujitwisha ndoo, kutwanga au kusuka nywele. Vidole kwa kawaida bado vina nguvu: anafunga vifungo vya shati bila shida, ila mkono haufiki kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wengine hupaliwa wanapomeza tonge la ugali.

Ukiambatana na vipele huitwa dermatomaiositisi. Vipele hutokea kwenye kope, juu ya vifundo vya vidole, kifuani na mgongoni kwa juu. Vitabu vingi huviita vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi huonekana vyeusi kuliko ngozi inayovizunguka, au vya rangi ya bilinganya, na ndiyo maana wengi wameshapakwa dawa ya fangasi miezi kadhaa kabla mtu hajafikiria misuli. Wanawake huupata karibu mara mbili ya wanaume. Watoto nao huupata.

2. Huku kwetu misuli ikiuma tunajua ni malaria. Tutatofautishaje?

Malaria huja na homa na maumivu, na ikitibiwa nguvu hurudi ndani ya siku chache. Maiositisi ni udhaifu zaidi ya maumivu, huja polepole kwa wiki au miezi, na hushika pande zote mbili kwa pamoja. Kipimo cha malaria kikiwa hasi mara tatu na mgonjwa bado hawezi kuinuka kitini, acheni kumrudishia mseto. Ombeni kipimo cha damu cha CK. Kimeng'enya hiki hutoka kwenye misuli iliyojeruhiwa. Kwa kawaida hakizidi 200 hivi, ingawa Mwafrika mwenye afya anaweza kuvuka hapo kidogo. Katika maiositisi kali hufika maelfu.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuogopa kuuchanganya na huu: jipu la misuli. Hilo hushika sehemu moja, mara nyingi paja au tako, pakavimba pakawa pagumu, na homa juu. Ni bakteria. Tiba yake ni kupasuliwa usaha utoke na antibayotiki. Mgonjwa huyo akipewa predinisoloni (dawa ya kushusha kinga inayotibu maiositisi) bila hayo, bakteria husambaa kwenye damu.

3. Moyo unaingiaje kwenye ugonjwa wa misuli?

Moyo wenyewe ni msuli, na ndani yake kuna njia za umeme. Umeme huanzia chumba cha juu upande wa kulia, hupita kituo cha kati, kisha hushuka kwa matawi mawili kwenda vyumba vya chini. Kinga ikiushambulia moyo, palipojeruhiwa hubaki kovu, na kovu halipitishi umeme. Kovu likikaa kwenye njia, mapigo hupungua au hukatika. Likikaa kwenye kuta, umeme huzunguka mahali pamoja, yakatokea mapigo ya ziada au moyo ukaenda mbio ghafla.

Moyo hufikiwa kwa njia nyingine pia. Mapafu yakipata makovu, upande wa kulia wa moyo hulemewa. Predinisoloni ya muda mrefu hupandisha presha na sukari, na mishipa ya moyo huziba mapema. Halafu kuna dawa zinazogongana, na kushuka kwa potasiamu, madini ya mwilini ambayo umeme wa moyo huyategemea. Kati ya yote haya, la mwisho ndilo linalozuilika kwa urahisi kuliko mengine, hata kwenye zahanati isiyo na mashine yoyote. Kwa hiyo sehemu ya dawa hapa chini ni ndefu.

4. Ina maana kila mwenye maiositisi atapata tatizo la mapigo?

Hapana. Wengi wana mabadiliko madogo kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) yasiyowaletea shida yoyote, na wachache ndio hupata mapigo ya hatari. Lakini moyo umo kwenye orodha ya vinavyoua wagonjwa hawa, pamoja na mapafu, maambukizi na saratani. Kila mgonjwa apimwe ECG siku ugonjwa unapotambuliwa, hata kama hana dalili, ili siku akilalamika kuwe na karatasi ya kulinganisha.

5. Mbona mimi sisikii chochote?

Mtu mwenye mapaja dhaifu hapandi mlima wala habebi gunia. Anakaa. Moyo haudaiwi kazi, hivyo ubovu wake haujitokezi. Kupumua kwa shida akitembea husingiziwa misuli, uchovu husingiziwa dawa. Hivyo ukimya wa mgonjwa wa aina hii usihesabiwe kuwa ni uzima.

Ukiulizwa dalili, taja hata zile ndogo: moyo kuruka pigo kisha kudunda kwa nguvu, kudundadunda kama samaki aliyetolewa majini, giza machoni ukisimama, kushtuka usingizini huku ukihema, miguu kuvimba jioni.

## Kujipima nyumbani

6. Nahesabuje mapigo bila mashine?

Kaa kwa utulivu dakika 5. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hukosesha pale mapigo yasipokuwa na mpangilio, na hao ndio tunaowatafuta. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Andika tarehe, idadi, na neno moja: «sawa» au «yanaruka». Mara moja kwa siku asubuhi inatosha. Siku unayoanza dawa mpya, ongeza jioni. Mashine ya presha ya betri nayo huonyesha mapigo, lakini yasipokuwa na mpangilio hudanganya, kwa hiyo vidole ndivyo hakimu. Mwenye mikono dhaifu ahesabiwe na mtu mwingine.

7. Lini nisisubiri kliniki?

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ukizimia au ukakaribia kuzimia, mapigo yakiwa chini ya 40, au chini ya 50 pamoja na kizunguzungu, yakizidi 120 umekaa na hayashuki ndani ya nusu saa, kifua kikibana, ukishindwa kulala chali kwa kuhema, mdomo ukienda upande au mkono mmoja ukipooza ghafla. Hilo la mwisho ni kiharusi, na moyo unaopiga bila mpangilio ni chanzo chake kimoja kikubwa.

Pigo moja moja la kuruka, usiku, bila kizunguzungu? Andika kwenye daftari, peleka kliniki ijayo. Usipoteze nauli ya kutoka Kalya au Kakonko kwa hilo peke yake.

## Vipimo

8. ECG hufanywaje, na kwa nini majibu yangu yalitofautiana ndani ya siku moja?

Unalala chali, vibandiko 10 vinawekwa: 4 kwenye mikono na miguu, 6 kifuani. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Mashine inasikiliza tu. Haizidi dakika 10.

Majibu hutofautiana zaidi kwa sababu ya misuli yenyewe. Misuli dhaifu hutetemeka mgonjwa anapojikaza asianguke kitandani, na mtetemo huo huandikwa kwenye karatasi ukafanana na moyo unaotetemeka. Kwa mhudumu: tumia kitanda kipana, mkono wote ulale juu ya godoro, mfunike mgonjwa shuka kama kuna baridi, na pangusa mafuta ya kujipaka kwa spiriti kabla ya kubandika. Ukiona mchoro wa ajabu, shika mkono wa mgonjwa. Mapigo ya vidole yakiwa yanaenda sawa wakati karatasi inaonyesha vurugu, tatizo ni kibandiko au mtetemo. Rudia.

9. Karatasi ya ECG isomwe nini hasa kwa mgonjwa wa namna hii?

Kwa kasi ya kawaida ya milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa 0.20. Hesabu mapigo ndani ya visanduku vikubwa 30, zidisha kwa 10. Njia hii inafaa hata mapigo yakiwa hayana mpangilio. Kisha tazama mambo matatu. PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi vya chini) ikizidi visanduku vidogo 5, umeme unachelewa kituo cha kati. QRS (muda wa umeme kusambaa vyumba vya chini) ikifika visanduku vidogo 3, tawi mojawapo limeziba. QT (muda tangu vyumba vya chini vipate umeme hadi vitulie) iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo ikizidi sekunde 0.45 kwa mwanaume au 0.46 kwa mwanamke ni ndefu, ikivuka 0.50 ni hatari, na dawa zilizo kwenye swali la 15 zipitiwe saa hiyohiyo.

PR inayorefuka kutoka kliniki moja hadi nyingine inatisha kuliko PR ndefu isiyobadilika. Ndiyo sababu ya kutunza karatasi za zamani. Karatasi hizi huchapwa kwa joto: zikikaa juani, au ndani ya mfuko wa plastiki mwaka mzima, mchoro hufifia hadi kutoonekana. Piga picha kwa simu siku hiyohiyo, na toa kopi.

10. ECG yangu ilisema ni mzima, lakini bado moyo unaruka. Nimeongopewa?

Hujaongopewa. ECG huangalia sekunde 10 tu za siku nzima. Moyo unaoruka mara mbili kwa siku hautaonekana humo. Kipimo kinachofuata ni Holter, kifaa kidogo kinachovaliwa saa 24 hadi 48 huku ukiendelea na shughuli zako na kuandika saa uliposikia dalili. Usipokipata karibu, jaribu hili: dalili ikianza ukiwa karibu na hospitali, nenda upimwe wakati bado inaendelea. ECG moja iliyochukuliwa katikati ya dalili inafaa kuliko tano za siku ya utulivu.

Eko ya moyo, yaani ultrasaundi, ni kitu kingine. Huonyesha kuta na nguvu ya kusukuma damu, haionyeshi njia za umeme. Unahitaji vyote viwili.

11. Nimeambiwa damu inaonyesha moyo umeumia kwa sababu CK-MB na troponini ziko juu. Ni kweli?

Pengine, na pengine si kweli. CK-MB, aina mojawapo ya CK, hutolewa pia na misuli ya mapaja inayojijenga upya baada ya kujeruhiwa, hivyo kwa mwenye maiositisi haithibitishi chochote kuhusu moyo. Troponini ni protini ya misuli, na zipo aina mbili zinazopimwa. Troponini T nayo huweza kupanda kwa sababu ya misuli ya kawaida. Troponini I ndiyo inayoelekea moyoni. Muulize mtu wa maabara mashine yao inapima ipi. Ni swali halali. Ikiwa I iko juu, eko na uchunguzi wa moyo vifanywe haraka.

12. Potasiamu yangu ilikuwa juu mahali pamoja, kesho yake mahali pengine ikawa chini. Niamini ipi?

Potasiamu nyingi imo ndani ya chembe za damu. Chembe zikipasuka njiani, kipimo hupanda kwa uongo. Hutokea chupa ikirushwarushwa kwenye bodaboda, damu ikivutwa kwa sindano nyembamba kwa nguvu, mkono ukifungwa mpira muda mrefu huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, au chupa ambayo haijazungushwa kwenye mashine ikilazwa frijini. Damu itenganishwe ndani ya saa 2 hivi, ndipo isafirishwe. Anayetumia predinisoloni na dawa ya kukojoa, mwenye kipimo cha juu kisichotarajiwa, arudiwe kipimo kabla ya kutibiwa. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0, kwa mwenye mapigo ya kuruka, madaktari wengi hupenda isishuke chini ya 4.

## Dawa

13. Predinisoloni inaharibu moyo?

Dawa hii ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku mwanzoni, kisha hupunguzwa kwa miezi. Kuuacha ugonjwa uendelee ndiko kunakoharibu moyo zaidi. Hata hivyo dawa hii humwaga potasiamu kwenye mkojo. Ikiunganishwa na dawa ya kukojoa kama Lasix au haidroklorothiazidi ya presha, ikaongezwa kuharisha au salbutamoli ya pumu, potasiamu hushuka vibaya na mapigo huvurugika. Pima potasiamu kabla ya kuanza, na tena ndani ya wiki mbili hivi ikiwa kuna dawa ya kukojoa.

Usiiache ghafla kwa sababu vidonge vimeisha. Mwili uliozoea dawa hii umeacha kutengeneza homoni yake. Presha inaweza kuanguka ukazimia. Nunua vya wiki mbili za akiba, hasa masika barabara zinapokatika. Na kabla ya kuanza dozi kubwa, mwombe daktari atibu minyoo ya strongiloidi na achunguze kifua kikuu. Vyote viwili huamka kinga ikishushwa.

14. Hospitali wanataka kunitundikia dripu ya methilipredinisoloni. Kuna la kuangalia?

Moja tu, nalo ni zito: kasi. Dozi ya kawaida ni nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku, siku 3 mfululizo. Ikisukumwa haraka kwa sindano, zaidi ya nusu gramu ndani ya chini ya dakika 10, imewahi kusababisha mapigo kuvurugika na moyo kusimama. Iende kwa dripu, saa 1 au zaidi, potasiamu ikiwa imepimwa kwanza na mapigo yakihesabiwa wakati inaendelea.

15. Natumia haidroksiklorokwini ya ngozi. Nikipata malaria nifanyeje?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na kwa Kigoma ni lazima liulizwe. Kwanza, haidroksiklorokwini haikukingi na malaria yetu. Vimelea vilishaizoea klorokwini, Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Lala kwenye chandarua kama watu wengine.

Pili, haidroksiklorokwini hurefusha QT. Mseto nao huirefusha kidogo. Malaria isiyotibiwa inaua upesi kuliko QT, kwa hiyo pima, na ukiwa nayo tibiwa: dozi 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta. Lakini sema wazi unatumia nini, na kama ECG ipo karibu ifanywe. Kuiacha haidroksiklorokwini kwa siku hizo tatu hakusaidii kitu, maana hukaa mwilini wiki nyingi. Kinachosaidia ni kutoongeza ya tatu. Malaria ikiwa kali, sindano ya atesunati haina shida hii ya QT; kwinini inayo.

Za kuepuka kuongezwa juu yake bila daktari kujua: azithromaisini, eritromaisini, siprofloksasini, livofloksasini, flukonazo, haloperido, domperidoni na ondansetroni ya kutapika. Nyingi hupatikana duka la dawa bila cheti. Mwuzaji hawezi kukisia una ugonjwa gani, mwonyeshe kadi. Kwa kikohozi au kidonda cha kawaida amoksilini na doksisaiklini hazirefushi QT. Na dozi ya haidroksiklorokwini yenyewe isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku: mtu wa kilo 50 asivuke 250 kwa siku kwa wastani, ambayo ni vidonge vya 200 kimoja leo na kimoja na nusu kesho.

16. Dawa za kurekebisha mapigo ni zipi, na zinafaa kwa mwenye misuli dhaifu?

Bisoprololi, atenolo na propranololi hupunguza kasi. Huleta uchovu, na mgonjwa hudhani maiositisi imerudi, CK hutofautisha. Zisitumike kama ECG imeonyesha umeme unazuiliwa, kwa sababu zinaweza kuukata kabisa. Digoksini ikikutana na potasiamu ya chini huwa sumu: kichefuchefu, kuona njano, mapigo kuruka. Amiodaroni ina nguvu, lakini huweza kuleta makovu mapafuni, na wenye maiositisi wengi wana mapafu yaliyokwisha guswa. Tungependa mgonjwa apate picha ya kifua na kipimo cha tezi ya shingoni kabla, na itumike pale tu nyingine zimeshindwa.

17. Nimeandikiwa wafarini. Kuna tatizo na dawa zangu za misuli?

Lipo. Wafarini huzuia damu kuganda ndani ya moyo unaopiga bila mpangilio, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, inatakiwa iwe 2 hadi 3. Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, huipunguza nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza sana, na hupunguza hata predinisoloni. Metronidazo, septrini na flukonazo huipandisha hadi mtu akatoka damu. Kila dawa inapoanza au kuacha, INR ipimwe ndani ya wiki. Usipoweza kupima INR mara kwa mara, mweleze daktari. Zipo dawa mpya kama rivaroksabani zisizohitaji kipimo hicho, ila hazimfai mwenye valvu ya chuma au valvu ya maitro iliyobana.

18. Metotreksati ni kila siku au kila wiki?

Dawa hii ya kushusha kinga ni kila WIKI, siku moja, iandikwe jina la siku: «Jumapili». Ikimezwa kila siku huua uboho. Isichanganywe na septrini.

19. Wazee nyumbani wanataka twende kwa mganga kwanza. Na tumbaku je?

Hatugombani na wazee. Tunaomba mambo mawili: predinisoloni isiachwe, na dawa yoyote inayoharisha, kutapisha au kukojosha sana isinywewe, kwa sababu ya potasiamu (swali la 13). Gongo huvuruga mapigo hata kwa mtu mzima wa afya, na pamoja na metotreksati huharibu ini.

Tumbaku tunaizungumzia kwa wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge hata wasiovuta. Majani mabichi yenye umande au mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi: kichefuchefu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio jioni ya siku ya kuchuma. Ukiona dalili hizo zinafuata siku za kuchuma tu, vaa glavu na mikono mirefu, subiri majani yakauke, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Ila bado pima ECG mara moja.

## Kazi, chakula na safari

20. Ni kazi gani niache?

Ambaye amewahi kuzimia, au anasubiri betri ya moyo (swali la 23), asipande mchikichi kukata mawese, asipande mti kurina asali, asivue peke yake ziwani, asiendeshe bodaboda, asichote maji kisima kirefu akiwa peke yake. Ambaye hajawahi kuzimia na ECG yake ni nzuri haina haja kumfungia ndani. Mazoezi mepesi ya kila siku hujenga misuli: kuinuka kitini mara 10, kutembea kwa kasi ambayo bado unaweza kuzungumza. Ugonjwa ukiwa umechachamaa, au troponini I iko juu, subiri kwanza.

21. Chakula gani huongeza potasiamu?

Maharage, ndizi, parachichi, mchicha, viazi vitamu pamoja na michembe, machungwa. Kigoma na Tabora havikosekani. Mwenye figo mbovu asijiongezee bila kipimo. Samaki na dagaa wa chumvi waloweke maji na kuyamwaga, kwani predinisoloni hushikilia chumvi na miguu huvimba.

22. Rufaa inakwendaje kutoka huku?

Pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa: Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora. Wa Igunga na jirani wana Nkinga. Ngazi ya kanda ni Bugando, Mwanza. Betri ya moyo na matibabu makubwa ya mapigo hufanywa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kabla ya kusafiri popote, uliza kama mashine ya ECG inafanya kazi siku hiyo na kama karatasi zake zipo.

Beba barua ya rufaa, ECG zote, majibu ya CK na potasiamu yenye tarehe, vidonge vyenyewe ndani ya pakiti zake na daftari la mapigo. Mwenye mapigo chini ya 40 au anayezimia asipandishwe treni au basi na ndugu mmoja. Asafiri kwa gari la wagonjwa akiwa na muuguzi.

23. Nikiwekewa betri ya moyo nitaishije?

Ni kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo mkono wa upande huo usiinuliwe juu ya bega wala kubeba ndoo, waya usichomoke. Lakini bega dhaifu lisilotikiswa hukakamaa, kwa hiyo kiwiko na vidole vifanyiwe mazoezi kila siku, na bega lisogezwe chini ya usawa wake. Kidonda kwa anayetumia predinisoloni huchelewa kupona. Wekundu, usaha au homa, rudi mara moja. Simu tumia sikio la upande mwingine, usiiweke mfuko wa kifuani. Mchomelea vyuma aulize kliniki kabla ya kurudi kazini. Kadi ya kifaa itembee nawe.

## Hali zisizo za kila siku

24. Nina mimba, au nataka kubeba.

Metotreksati iachwe miezi 3 kabla. Baadhi ya wenye maiositisi wana kingamwili ya Ro, inayoweza kupita kwenye kondo na kuziba njia ya umeme ya moyo wa mtoto, zaidi kati ya wiki ya 16 na 26. Hutokea kwa wachache. Mkunga akisikia kwa fetaskopu mapigo ya mtoto 50 hadi 80 yasiyobadilika, badala ya 110 hadi 160, wakati mama ametulia na uchungu haujaanza, afikirie hili na ampe rufaa. Si lazima mtoto awe anachoka.

25. Mtoto mwenye dermatomaiositisi apimwe tofauti?

ECG ni ileile, lakini mapigo ya mtoto huenda kasi zaidi kwa kawaida. Mtoto wa miaka 5 mwenye mapigo 110 akiwa macho si ajabu. Dozi zote ni kwa uzito. Mpime kilo kila kliniki.

26. Natakiwa kufanyiwa upasuaji.

Mwambie mtaalamu wa ganzi mambo matatu: maiositisi, predinisoloni, na ECG yako. Suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli, huweza kurusha potasiamu ghafla kwa mwenye misuli iliyojeruhiwa, na moyo ukasimama. Zipo dawa nyingine za kulegeza misuli. Predinisoloni itahitaji kuongezwa siku ya upasuaji.

27. Nimeambiwa nina kingamwili za mitokondria. Ni nini?

Ni kundi dogo la wagonjwa ambao kwao moyo hushikwa mara nyingi kuliko misuli ya miguu inavyoonyesha. Mtu anaweza kutembea vizuri huku mapigo yakiwa mabaya. Huyu asiridhike na ECG moja: Holter na eko kila mwaka, hata akijisikia mzima.

28. CK imerudi kawaida na nguvu zimerudi. Niache kupima moyo?

Kovu lililokwisha kuwepo moyoni haliondoki CK ikishuka. ECG mara moja kwa mwaka, na kila unapoongezewa dawa iliyotajwa swali la 15 au 16. Ikiwa PR au QRS ya mwanzo ilikuwa si ya kawaida, kila miezi 6, karatasi mpya iwekwe sambamba na ya zamani mbele ya daktari.